Avoka wa kesi ya kazi: sikilizeni anauliza nini kwanza

Bwana Mhariri,

Kila kontra (mkataba) ya kampuni ndogo na mgodi inapokwisha, au duka kubwa la mjini linapopunguza watu, swali linalozunguka mitaa yetu ya Lubumbashi, yaani Katuba, Kenya na Ruashi, ni lile lile: avoka (wakili) gani ni mkali kwa mambo ya kazi? Majibu huja na majina ya wenye magari makubwa na ofisi zenye kiyoyozi. Tungependa wasomaji wenu watumie kipimo kingine. Katika kesi ya kazi, avoka anayejua hujulikana kwa maswali yake ya dakika kumi za kwanza: barua ulipokea siku gani, nakala iko wapi, uliingia kazini mwezi gani wa mwaka gani, umeshafika kwa enspekta wa kazi (ofisa wa serikali anayesimamia mambo ya kazi) au bado. Anayeanza kwa kukutajia dola utakazopata, mshukuru kwa muda wake, uondoke.

Sheria yetu ya kazi hapa Congo (RDC), namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa na sheria namba 16/010 ya tarehe 15 Julai 2016, imejaa hesabu za siku. Madai yanayotokana na kontra ya kazi hufa baada ya miaka 3 tangu jambo lilipotokea. Madai ya mshahara wenyewe hufa mapema zaidi, baada ya mwaka 1 tangu siku ambayo mshahara ulipaswa kulipwa. Hapo ndipo wengi huanguka. Mtu anadai mishahara ya miezi 14, kila mwisho wa mwezi anaambiwa "mwezi ujao", naye anangoja kwa heshima. Akija kuamka, miezi ya mwanzo imekwisha kufa, kila mmoja kwa tarehe yake. Ahadi ya mdomo haimkingi mtu na muda huo. Kinachosaidia ni barua ya madai iliyopokelewa kwa saini na tarehe, au shauri lililofikishwa rasmi kwa enspekta. Avoka ambaye hatengi madai yako mafungu mawili, ya mshahara upande huu na mengine upande ule, bado hajaanza kuhesabu.

Kabla ya kumtafuta avoka kuna kazi ambayo mfanyakazi mwenyewe aweza kuifanya kwa bei ya fotokopi. Atafute kontra na kila karatasi iliyoibadilisha, bulteni (karatasi ya malipo) ya kwanza ya mshahara na za miezi 12 ya mwisho, badge, barua za kuombwa maelezo pamoja na majibu aliyoyatoa, na barua ya kuachishwa. Azipange kwa tarehe, ya zamani juu, kisha aandike ukurasa mmoja: tarehe kushoto, tukio kulia, bila malalamiko ndani yake. Avoka mwenye dosie (majalada ya kesi) ishirini mezani atausoma ukurasa huo mpaka mwisho. Hadithi ya saa nzima hataikumbuka.

Wengi hukata tamaa kwa sababu hawakupewa kontra ya maandishi. Wasikate. Kontra isipoandikwa, sheria huichukulia kuwa ya muda usiojulikana mpaka mwajiri athibitishe vingine, na mfanyakazi anaruhusiwa kuthibitisha kazi yake kwa njia yoyote. Ujumbe wa Airtel Money, M-Pesa au Orange Money unaoonyesha pesa ile ile ikiingia kila mwezi kutoka namba ile ile ni ushahidi. Ratiba ya zamu iliyotumwa kwenye kundi la WhatsApp ni ushahidi pia. Mpige picha ya skrini ikionyesha namba na tarehe, si maneno peke yake, na muichapishe mapema, maana simu huibwa na kadi huzimwa. Lakini msichukue karatasi za ofisi ambazo hazikuandikiwa ninyi. Tumeona madai halali kabisa ya mshahara yakigeuzwa kuwa mashtaka ya wizi wa nyaraka, na mdai akaanza kutafuta avoka wa jinai kabla ya yule wa kazi.

Pitieni CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, vilevile, mkaulize hali ya makato yenu. Mfanyakazi hukatwa 5 kwa mia, na mwajiri anaongeza 13 kwa mia kutoka mfukoni mwake. Kama bulteni inaonyesha makato na CNSS haiwajui, hilo ni dai jingine linalosimama peke yake, na bulteni hiyo hiyo inathibitisha kwamba mlikuwa wafanyakazi wake.

Tuseme kidogo juu ya vibarua wa siku, jurnalie, kwa kuwa ndio wanaoambiwa kila mara kwamba hawana haki. Sheria inasema aliyekwisha kufanya siku 22 ndani ya kipindi cha miezi 2, akichukuliwa tena kabla ya miezi hiyo 2 kwisha, kontra yake mpya inahesabiwa kuwa ya muda usiojulikana. Kwa hiyo daftari dogo la mfukoni, lenye tarehe, jina la aliyesimamia kazi na mahali pa kazi, lina thamani. Waajiri wengine wanaijua hesabu hii vizuri kuliko maavoka: hukata watu siku ya 20 au 21, kisha huwarudisha kwa jina la kampuni nyingine. Avoka mzuri atauliza kama badge mbili zilitolewa na ofisi moja, kama msimamizi alikuwa yule yule, kama basi la kuwachukua lilikuwa lile lile. Kwa kontra za muda maalumu pia kuna mipaka: haipiti miaka 2, na kwa mtu mmoja na mwajiri mmoja hairudiwi zaidi ya mara moja, isipokuwa kazi za msimu na nyingine chache. Aliyesaini kontra za miezi 6 mara tano mfululizo azilete zote tano.

Sasa barua ya kuachishwa. Lazima iwe ya maandishi, na ikitoka kwa mwajiri lazima itaje sababu. Kifungu cha 62 kinataka sababu halali: uwezo wa mfanyakazi, mwenendo wake kazini, au mahitaji ya kampuni. Barua inayosema tu "huduma zako hazihitajiki tena" ina tundu kubwa, na avoka anapaswa kuliona kabla ya kumaliza kuisoma. Ikiwa barua inataja kosa zito, lile linaloandikwa faute lourde, kifungu cha 72 kinampa mwajiri siku 15 za kazi tangu alipojua jambo, awe amekwisha kutoa taarifa kwa maandishi. Tafuteni basi tarehe aliyojua. Mara nyingi imo katika barua yake mwenyewe ya kuomba maelezo: "tarehe 3 tuligundua kwamba..." Kama barua ya kufukuza imekuja wiki tano baadaye, jambo hilo peke yake linatosha kujengewa hoja. Ndiyo sababu barua ya kuombwa maelezo haikataliwi wala haijibiwi kwa mdomo. Ijibiwe kwa maandishi, kwa muda ulioombwa, na nakala ibaki na muhuri wa kupokelewa.

Kusaini kunawatisha watu bila sababu. Kusaini kwamba umepokea barua si kukubali yaliyomo. Andika kwa mkono wako, juu ya saini: "Reçu le" (nimepokea tarehe) na tarehe ya siku hiyo hiyo, kisha "sous réserve de tous mes droits" (bila kuacha haki zangu zote). Fanya hivyo hivyo kwenye dekonti (hesabu ya malipo) ya mwisho, hasa ikiwa na maneno "pour solde de tout compte", yaani kwamba hesabu yote imekwisha. Kupokea pesa ya dekonti bila kulalamika papo hapo hakukuondolei haki ya kudai iliyobaki, lakini yale maneno sita ya akiba yanaokoa mabishano ya miezi. Mbaya zaidi ni kusaini barua ya kujiuzulu iliyochapwa na ofisi ya wafanyakazi, "ili upate pesa haraka". Hiyo ndiyo karatasi ngumu kuliko zote kuibomoa baadaye.

Kuhusu hesabu, kila mmoja aijue kabla ya kuingia ofisi yoyote. Preavi (notisi ya kuachishwa) inayotolewa na mwajiri katika kontra ya muda usiojulikana haiwi chini ya siku 14 za kazi, na kila mwaka mzima wa kazi unaongeza siku 7. Mwenye miaka 6 mizima: 14 na 42, jumla siku 56 za kazi. Kwa wiki ya siku sita, ni zaidi ya wiki tisa. Angejiuzulu yeye mwenyewe, angedaiwa nusu, yaani 28. Kama anapata dola 300 kwa mwezi na mwezi unahesabiwa siku 26, siku moja ni dola 11 na senti 54, na preavi isiyofanywa kazini inakaribia dola 646. Kosa la kawaida hapa ni kupigia hesabu mshahara wa msingi peke yake. Malipo ya badala ya preavi yanabeba pia faida zote ambazo mfanyakazi angezipata katika siku hizo: pesa ya nyumba, posho za watoto na mengineyo yaliyo katika bulteni. Ongeza likizo ambayo haikuchukuliwa. Kwa mtu mzima ni siku 1 ya kazi kwa kila mwezi mzima wa huduma, na siku 1 zaidi kwa kila miaka 5 ya kazi. Ongeza saa za ziada, ikiwa una namna ya kuzithibitisha: wiki ya sheria ni saa 45, saa 6 za kwanza juu ya hapo zinaongezewa 30 kwa mia, zinazofuata 60 kwa mia, na za siku ya mapumziko 100 kwa mia.

Halafu kuna kifungu cha 63, kinachotajwa sana mjini na kueleweka kidogo. Mtu akiachishwa bila sababu halali ana haki ya kurudishwa kazini, na asiporudishwa, kulipwa fidia ambayo tribinali (mahakama) inaipanga ikitazama aina ya kazi, miaka ya huduma, umri na haki alizokwisha kupata. Fidia hiyo haiwezi kupita mishahara ya miezi 36. Hicho ni kikomo cha juu. Kwa mwenye dola 300 kikomo ni dola 10 800, na avoka anayemuahidi mteja kiasi hicho kama vile kiko kwenye droo anamdanganya. Upande wa pili, msikubali kuambiwa kwamba kwa kuwa preavi imelipwa, habari imekwisha. Preavi inajibu swali la muda. Swali la sababu linabaki wazi, na ndilo linalozaa fidia. Kwa kontra ya muda maalumu iliyokatwa kabla ya siku yake bila kosa zito, hesabu ni nyingine: mishahara na faida za miezi iliyobaki.

Tunafika kwa enspekta wa kazi, mahali ambapo kesi nyingi huharibika. Kifungu cha 298 kiko wazi: shauri la kazi halipokelewi na tribinali kama halikupita kwanza kwenye upatanisho mbele ya enspekta wa kazi wa eneo hilo. Avoka anayetaka kukupeleka moja kwa moja tribinali "ili kumtisha patroni" anakupeleka kwenye uamuzi wa kutopokelewa, na provizio (malipo ya awali ya avoka) umeshalipa. Anayekupeleka polisi au parke (ofisi ya waendesha mashtaka) kudai dekonti amekupoteza zaidi. Huko utapoteza wiki, na ukirudi bado utaanzia kwa enspekta.

Ombi la upatanisho liandikwe nakala tatu angalau: moja ya enspekta, moja ya mwajiri, moja inayorudi nawe ikiwa na muhuri. Liseme jina kamili la mwajiri. Hapa Lubumbashi jambo hili lina mtego wake. Jina lililoandikwa kwenye gari na kofia za usalama huenda si la kampuni iliyokuajiri. Tazama bulteni na kontra, tafuta namba ya RCCM (rejista ya biashara), kwa sababu kumwita asiyekuwa mwajiri kunakurudisha mwanzo. Kama uliajiriwa na kampuni ya sutretansi (inayopewa kazi na kampuni nyingine) isiyo na kitu, avoka achunguze kama kampuni iliyoipa kazi inaweza kushikwa mahali pake. Sheria ya kazi ina vifungu juu ya kampuni iliyotoa kazi kubeba madeni ya mshahara ya kampuni ndogo iliyoshindwa kulipa.

Na lazima madai yote yawe humo, moja moja, kila moja na kiasi chake. Usiandike "haki zangu zote". Andika preavi kiasi hiki, likizo kiasi hiki, tofauti ya mshahara ya mwezi fulani hadi fulani, saa za ziada, posho za watoto, cheti cha mwisho wa kazi, fidia ya kuachishwa bila sababu. Dai ambalo halikuwekwa mbele ya enspekta, wakili wa upande wa pili atasimama tribinali aseme halikupatanishwa, na mara nyingi atasikilizwa. Kwa hiyo kama uwezo wako unaruhusu kumlipa avoka saa moja tu, mlipe saa hiyo kabla ya kupeleka ombi kwa enspekta, asome orodha yako. Saa hiyo ina faida kuliko hotuba ya mwisho.

Enspekta si jaji. Hatoi hukumu wala hatozi mtu pesa kwa niaba yako. Anawaita, anawasikiliza, anaandika. Mkipatana kunatoka PV (hati rasmi ya kikao) ya upatanisho. Msipopatana, PV ya kutopatana. Mwajiri akiitwa asije, PV ya kutofika, ile wanayoiita carence. Bila mojawapo ya hizi mbili za mwisho hamna mlango wa tribinali. Someni PV kabla ya kusaini: majina, tarehe ya kuingia kazini, cheo, orodha ya madai. Kosa la tarehe lililoingia pale litawafuata mpaka rufaa. Msikubali vikao viahirishwe bila mwisho kwa ajili ya mjumbe wa kampuni anayesema hana mamlaka ya kuamua. Ombeni kwa adabu, kwa maandishi, PV ifungwe.

Eneo nalo ni muhimu. Kwa kawaida shauri hufuata mahali pa kazi. Aliyefanya kazi Kolwezi yuko chini ya mkoa wa Lualaba hata kama nyumba yake iko Kampemba, hapa Lubumbashi, na avoka wa Lubumbashi atamhesabia safari. Amuulize tangu mwanzo.

Avoka anapatikana wapi? Kila avoka wa hapa ameandikwa katika Baro (chama cha mawakili) ya Haut-Katanga, kwenye tablo (orodha ya maavoka kamili) au kwenye orodha ya stajiere, walio bado katika miaka 2 ya mazoezi chini ya avoka mkubwa. Karatasi zake za barua huwa na namba yake ya ONA, chama cha kitaifa cha mawakili. Chukueni jina na namba, mwende ofisi ya Baro mkaulize kama yumo na kama hajasimamishwa. Kuuliza hivyo si kumtukana mtu. Avoka haruhusiwi kuwinda wateja, kwa hiyo anayewafuata kwenye ngazi za tribinali akiwaita "mteja", au anayemtuma kijana kuwakamata mlangoni, ama si avoka ama ni avoka asiyejali kanuni za chama chake. Defanseri wa mahakama ni kazi halali lakini ni tofauti: anatetea kwenye tribinali za chini na hawezi kukufuata Cour d'appel (mahakama ya rufaa), na kesi za kazi zenye pesa hufika huko.

Stajiere msimdharau. Kwa kesi ya dekonti ya dola mia chache, kijana mwenye muda, anayesimamiwa na avoka mwenye jina, atafuatilia kwenye grefe (ofisi ya karani wa mahakama) kila wiki, wakati mkubwa hatakumbuka hata jina lako. Kwa kuachishwa kwa watu wengi pamoja, au kwa delege wa sendika (mjumbe wa chama cha wafanyakazi) aliyefukuzwa bila kibali cha enspekta wa kazi, kibali ambacho sheria inakitaka kabla, tafuteni mwenye uzoefu.

Asiye na uwezo aombe ofisi ya ushauri wa bure ya Baro. Sheria ya mawakili, ordonansi namba 79-028 ya tarehe 28 Septemba 1979, inalilazimu baraza la Baro kuwasaidia wasio na uwezo. Nendeni na cheti cha kutokuwa na uwezo na ile dosie iliyopangwa. Anayefika na mfuko wa plastiki wenye karatasi zilizokunjwa hurudishwa akazipange. Mwanachama wa sendika, iwe UNTC, CDT, CSC au nyingine, aanze na delege wake, maana anaweza kumsindikiza kwa enspekta, na kwa kiwango hicho delege mzoefu mara nyingi anatosha.

Maswali ya kumuuliza avoka kabla ya kumpa kitu ni machache. La kwanza: je, wewe au kabine (ofisi ya mawakili) yako mnaishauri kampuni hii, au kampuni dada yake, au mgodi inaoufanyia kazi? Mji wetu ni mkubwa kwa watu na mdogo kwa makampuni; kabine chache zinahudumia mengi. Akisita, tosheka na jibu hilo. La pili: PV za kutopatana ulizozifikisha tribinali mwaka huu ziliishia wapi? Hatakupa majina ya wateja na asikupe, lakini ataeleza hatua. La tatu: nani atasimama siku ya kikao, wewe au mwenzako?

Pesa zizungumzwe siku hiyo hiyo na ziandikwe. Ushauri wa kwanza ni kiasi gani, provizio ni kiasi gani na inafunika nini, gharama za grefe na wisie (mtumishi wa mahakama anayefikisha hati) ziko ndani au nje, na kama kuna asilimia ya mwisho, inahesabiwa juu ya kiasi kilichohukumiwa au juu ya kiasi kilichoingia mkononi. Tofauti ya hapo ni kubwa. Hukumu ya dola 5 000 inaweza kuingiza 2 000. Kila malipo yawe na risiti. Mkigombana juu ya malipo, malalamiko hupelekwa kwa batonie (mkuu wa Baro), si redioni.

Mamlaka mnayompa yaandikwe pia kwa uangalifu. Ruhusa ya kuwakilisha isimeze ruhusa ya kupatana na kupokea pesa. Andikeni kwamba hakuna makubaliano yatakayosainiwa bila saini ya mfanyakazi mwenyewe, na kwamba pesa italipwa kwenye akaunti yake au mkononi mwake mbele ya enspekta. Ugomvi mchungu tuliousikia kati ya mteja na avoka ulianzia kwenye kifungu hicho kimoja. Na makubaliano yakija, yatajwe kwa tarehe na kiasi. "Kampuni itajitahidi kulipa" ni maneno ya bure.

Kwenye Tribinali ya Kazi, iliyoundwa kwa sheria namba 016/2002 ya siku ile ile ya 2002, jaji wa serikali anakaa na wenzake wawili, mmoja kutoka upande wa waajiri, mmoja upande wa wafanyakazi. Huyu wa mwisho anajua pointaji (kuandikisha kuingia na kutoka kazini) ni nini na zamu ya usiku ni nini, kwa hiyo vielelezo vya kazi vyenyewe vina nguvu pale kuliko maneno ya Kilatini. Mwombeni avoka nakala ya kila karatasi anayoiweka, na tarehe ya kila kikao kijacho, mwiandike wenyewe. Kesi hufutwa au kulala kwa sababu mdai na avoka wake kila mmoja alidhani mwenzake ataenda.

Kushinda kesi bado si kulipwa. Hukumu lazima itolewe nakala rasmi, ifikishwe na wisie, ingojee au ipite rufaa, ndipo mali ishikwe. Chini ya sheria za OHADA, umoja wa nchi za Afrika wa sheria za biashara ambao Congo iliingia mwaka 2012, njia ya haraka ni kushika akaunti ya mdaiwa benki. Benki gani? Ile iliyokuwa ikituma mishahara. Iko kwenye bulteni au kwenye ujumbe wa simu. Avoka ambaye tangu siku ya kwanza anaweka pembeni karatasi inayoonyesha jina la benki hiyo ameshafikiria siku ya mwisho. Kampuni zinazofunga na kufungua kwa jina jipya huhamisha pesa kwanza, ndiyo maana dosie inayolala mwaka mzima kwa enspekta inaweza kuzaa hukumu nzuri dhidi ya ofisi tupu.

Neno moja kwa walimu wa serikali na watumishi wengine wa kudumu wa Serikali: sheria ya kazi tuliyoieleza haiwahusu. Wana kanuni yao, na njia yao ni ya utawala na mahakama za utawala. Avoka anayewapokea bila kuwaambia hivyo amekosea mlango tangu mwanzo.

Tunaomba, Bwana Mhariri, gazeti lenu litafute kwa Baro siku na saa za ofisi ya ushauri wa bure, na kwa Enspeksio ya Kazi anwani za ofisi zake za Lubumbashi, Likasi na Kasumbalesa, mziweke kwenye ukurasa wa matangazo ya kazi mara moja kwa mwezi. Watu wa migodini hukata ukurasa huo na kuuhifadhi.

Madelege wa zamani wa wafanyakazi,
Kampemba, Lubumbashi